Ntumba za Mama Si Makaburi

Dereva alinitazama kama mtu anayetazama mvua ya mwezi wa saba. "Dada," akasema, "leo gari halipandishi abiria. Limekodiwa na wazungu."

Nilidhani ananitania. Basi lile tulilijua wote tuliozaliwa kule juu Ufipa. Lilikuwa likishuka Kasanga mara moja kwa wiki kuipokea meli inayotoka Kigoma, linapakia watu, magunia ya dagaa, kuku na vitenge vya Zambia, halafu linapanda mlima huku likilalamika mpaka Sumbawanga. Ukilikosa unakaa Kasanga wiki nzima ukitazama ziwa. Na mimi siku hiyo sikuwa na wiki. Nilikuwa na mpaka saa sita mchana.

Nieleze kwa nini, msije mkadhani nilikuwa na haraka ya bure. Mama yangu alikuwa mjane, na alikuwa na shamba kando ya barabara, ukishamaliza mlima na kabla hujafika Matai. Baba alimwachia hilo shamba na hakumwachia kingine cha maana. Mwezi wa tatu mama alikuja kwangu Kigoma kupasuliwa mtoto wa jicho. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma, au niseme nilikuwa zamani, maana shirika lilikuwa limeshauzwa na sisi wadogo tumeshagawiwa barua za kupunguzwa kazi. Kwa hiyo muda wa kumuuguza nilikuwa nao tele.

Mwezi wa tano, bandeji bado iko jichoni, ikaja barua ya katekista wa kijijini kwetu. Aliandika kwamba baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kusema mama amehamia Kigoma moja kwa moja, shamba limegeuka pori, ntumba zilizomo ni za mwaka juzi, na yeye kama mkubwa wa ukoo anaomba akabidhiwe. Wazee wamepanga kukutana shambani penyewe, Jumamosi, saa sita mchana. Mama akiwepo atasikilizwa. Asipokuwepo, shamba limekwenda.

Kwa wasiotujua: ntumba ni vile vichuguu vya duara tunavyojaza shambani mvua zikiwa bado zimekolea. Unalima majani mabichi, unayalundika, unayafunika kwa udongo, unaweza hata kupanda maharage juu yake, na majani yanaoza humo ndani taratibu. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, unazibomoa, unasambaza ule udongo mweusi, unapanda ulezi. Hiyo ndiyo mbolea yetu tangu enzi za mababu. Ukiona shamba lina ntumba mpya, ujue lina mtu.

Kijiji kizima kilijua baba mdogo ameamshwa na nini. Zamani mahindi yetu yalinunuliwa na chama cha ushirika tu, tena kwa kusuasua. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, malori ya watu binafsi yanakuja mpaka mlangoni, na shamba la kando ya barabara kila anayepita analitupia jicho. Miaka yote mama anavunjika mgongo mle, baba mdogo hakuwahi kuja hata kusema pole na kazi.

Sasa mnaelewa. Jumamosi yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo, na mimi nimesimama mchangani Kasanga, mkono mmoja nimemshika mama, mwingine nimeshika begi.

"Hao wazungu wanakwenda wapi?" nikamwuliza dereva.

"Kutalii. Wanapanda juu kuangalia nchi, wanakula chakula cha mchana Matai, jioni wanarudi melini. Meli inawangoja."

"Mlima huuhuu?"

"Huuhuu."

"Basi na sisi tunapanda huohuo."

Ndipo akaja kiongozi wa msafara. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati lake limenyooka utadhani hakulala melini kama sisi. Alitoka kaskazini, kwenye mbuga za wanyama, na Kijerumani kilimtoka mdomoni bila kigugumizi. Alikuwa na adabu, sikatai. Lakini ilikuwa ile adabu ya kukufungia mlango taratibu.

"Samahani dada, hii ni ziara maalumu ya wageni. Tena kila kitu kinaelezwa kwa Kijerumani. Hamtaelewa chochote."

"Kwani mimi nimekuja kuelezwa kwetu?"

Wakati sisi tunarushiana maneno, mama alikuwa ameshapapasa mwili wa basi mpaka akaupata mlango. Akaweka mguu kwenye ngazi. Kiongozi akamkimbilia kumzuia, na mama bila hata kugeuka akamnyooshea mkono. "Nishike, mwanangu, sioni vizuri, nisije nikaanguka." Angefanyaje? Akamshika. Akampandisha mwenyewe kwa mikono yake mpaka kwenye kiti cha pili nyuma ya dereva. Mimi nikafuata na begi langu kabla hajapata akili ya kuufunga mlango.

Ndivyo nilivyoingia kwenye ziara ya watalii, ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, kwa lugha ambayo sikujua hata salamu yake.

Walikuwa kama ishirini, wazee watupu, wengi umri wa mama. Ng'ambo ya mama alikaa bibi mmoja mwenye mkongojo. Alimtazama mama kwenye bandeji, akagusa jicho lake mwenyewe, akaonyesha vidole viwili. Nadhani alikuwa akisema naye alipasuliwa, yote mawili. Mama akamjibu kwa Kifipa. Bibi akajibu Kijerumani. Wakaendelea hivyo njia nzima, kila mmoja na lake, na kusema kweli wale wawili walisikilizana kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani.

Kituo cha kwanza tulikifikia hata dakika kumi hazijaisha. Ngome ya zamani ya Wajerumani. Wakashuka wote, wakasimama mbali kidogo, na yule kiongozi akaanza kuhutubia. Akaongea. Akaongea. Akaonyesha kuta, akaonyesha ziwa, wale wazee wanatikisa vichwa kwa raha. Mama aliniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa tatu kasorobo. Baada ya muda akaniuliza tena. Saa tatu na robo. Nikashuka.

"Unawaambia nini muda wote huo?"

"Historia tu, dada."

"Historia ya nani?"

"Ya ngome. Jinsi Wajerumani walivyoijenga."

"Wao wenyewe? Umewaambia nani alibeba mawe?"

Akajishika kola ya shati.

"Mama yangu yule aliyekaa mle ndani ya basi, babu yake ni mmoja wa waliobeba. Alichukuliwa akiwa kijana, akarudi bega moja limeshuka. Mpaka anakufa shati lilikuwa likimwanguka upande. Hebu waambie hilo kwa Kijerumani, nisikie linasemwaje."

Akatazama saa yake. "Dada, hatuna muda wa hayo yote."

"Aa! Huna muda? Asiye na muda ni mimi! Sasa chagua. Uwaambie, ama tuondoke."

Akachagua tuondoke. Nilikerwa, lakini angalau gari lilitembea.

Mlima ule anayeujua anaujua. Basi linapanda kama bibi kizee mwenye mzigo, linapumua, linasimama, linapumua tena. Lakini mara hii halikusimama kwa sababu ya injini. Lilisimama ili wapige picha ziwa. Hatua mia mbili, linasimama ili wapige picha ziwa lilelile. Likasimama kwa ajili ya mama mmoja aliyejitwika kuni, ambaye aliwatazama akasema "Nyoo!" na kuendelea na safari yake, nikampenda papo hapo. Likasimama kwa ajili ya mti. Mti! Wakauzunguka, kiongozi akasema maneno, wakaandika kwenye vitabu vyao.

"Saa ngapi?" mama akauliza.

"Saa nne na nusu."

Aliushika mkanda wa begi letu, akawa anauviringisha kidoleni. Mama yangu hakuwa mtu wa kulialia. Alizika mume, alizika watoto wawili kabla yangu, na baada ya kila msiba alirudi kwenye shamba lile. Nilipomwona anaviringisha ule mkanda, nikajisemea, liwalo na liwe. Nikashuka, nikasimama mbele ya wale wazungu, nikapiga makofi kwa nguvu kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Haya! Ndani! Ndani wote! Mti umeshaonekana!"

Jamani, wakaingia! Watu wazima wa Ulaya, mmoja mmoja, wanaomba radhi mlangoni. Kiongozi alinijia juu, mishipa imemtoka.

"Dada, unaniharibia kazi!"

"Na wewe unaniharibia shamba!"

"Shamba gani?"

Nikamweleza, pale pale mlangoni, kwa pumzi moja: shamba, barua, baba mdogo, saa sita. Alisikiliza. Sitamwonea, alisikiliza. Akasema, "Ungesema mapema."

"Ungeuliza mapema."

Baada ya hapo hatukusimama tena. Mara mbili wazee wale walinyoosha vidole dirishani, na mara mbili yule bwana akatikisa kichwa kukataa. Juu kule upepo wa mwezi wa tano ni mkali hata jua likiwaka, wakaanza kuvaa masweta. Saa sita kasorobo nikaliona shamba letu, na kando ya barabara nikawaona wazee wa kijiji wamekaa kwenye gogo, na baba mdogo amesimama mbele yao katika koti lake la Jumapili.

"Shusha!" nikasema.

Mama akashuka. Akaweka begi chini, akachutama, akapiga makofi yale ya taratibu, viganja vimekunjwa, kuwaamkia wazee kama ilivyo desturi yetu. Wazee wakapokea. Na nyuma yangu nikasikia makofi mengine. Nikageuka. Wazungu walikuwa wameshuka wote, wamejipanga kando ya basi, wanapiga makofi na kutabasamu, wanadhani onyesho limeanza. Mwenyekiti wa kijiji akaduwaa, halafu kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akawaitikia na wao.

Halafu wale wageni wakaliona shamba.

Ninawaza wao waliona nini. Shamba pana, nyasi zimeanza kukauka, na katikati ya nyasi ntumba, mstari kwa mstari, mamia, kila moja duara, tupu, hazina hata jani juu kwa sababu mbuzi walikuwa wamekula maharage yote mama alipokuwa hayupo. Makofi yakakatika. Babu mmoja akavua kofia. Yule bibi wa mkongojo akamnong'oneza kiongozi swali. Kiongozi akalitazama shamba. Niliuona uso wake: hajui. Alikuwa hajawahi kukanyaga Ufipa maishani mwake. Lakini kiongozi akisema hajui, ni kiongozi wa nini? Akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ya chini, maneno machache tu.

Kofia zote zikavuliwa. Wakaanza kupita katikati ya ntumba polepole, mikono nyuma, hakuna hata aliyepiga picha. Bibi akachuma ua moja la njano kwenye majani ya kando ya barabara. Akaenda nalo mpaka kwenye ntumba ya karibu, akaliweka juu, akafanya ishara ya msalaba.

"Hawa watu," mzee mmoja akauliza, "wanaabudu ntumba?"

Baba mdogo alikuwa ameshapata mwanya wake. "Mnaona wenyewe!" akasema. "Hata wageni wameona hapa pamekufa. Hizi ni ntumba za mwaka juzi, za wakati kaka yangu anaumwa. Yako wapi maharage yake? Yuko wapi mtu wake? Mwanamke amekwenda kukaa mjini kwa binti yake. Shamba haliwezi kukaa linangoja mtu wa mjini."

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Mama, unasemaje?"

"Nilizifunika mimi," mama akasema. "Mwezi wa kwanza nilianza, mwezi wa pili nikamaliza, jicho likiwa limebaki moja. Mnajua."

"Nani anajua?" baba mdogo akauliza, na kuwatazama wale wazee mmoja baada ya mwingine.

Walijua wote. Barabara ile wanapita kila siku, walimwona mama ameinama mle na mvua inampiga. Lakini asubuhi hiyo walikuwa wamekunywa pombe ya ulezi nyumbani kwa baba mdogo, niliinusa kutoka nilipokuwa nimesimama. Wakatazama viatu vyao. Hata katekista aliyeniandikia barua alikuwa amekaa mwisho wa gogo, anachezea rozari yake. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mama yangu amesimama mbele ya majirani zake na bandeji usoni, anageuza kichwa huku na huku kutafuta sauti ya mtu mmoja tu wa kusema ndiyo, na hakuna.

Mbele yangu wanamzika mama mzima mzima. Nyuma yangu wageni wanayalilia majani. Kwa kuwa wazee siwezi kuwafokea, nikamwendea kiongozi.

"Hao watu wako wanafanya nini?"

Akajibu bila kunitazama. "Waliuliza kama ni makaburi."

"Ukasemaje?"

"Nilisema ndiyo."

"Ya nani?"

"Ya… ya vita. Vya zamani."

"Vita gani?"

Uso ulimshuka, na pale, kusema kweli, ningeweza kumhurumia. Sikumhurumia. Nikamnyang'anya mzee mmoja wa kwenye gogo jembe lake, nikaenda moja kwa moja kwenye ntumba yenye ua. Ua nililiondoa vizuri, nikalishika kwa mkono wa kushoto, maana bibi yule hakuwa na kosa. Halafu nikainua jembe.

Mayowe! Hamjasikia mayowe. Walidhani nafukua maiti. Babu mmoja alikuja mbio kunishika mkono, bibi kaziba macho, kiongozi anapiga kelele za Kijerumani huku na za Kiswahili huku: "Dada acha! Dada acha!" Sikuacha. Nikapiga mara moja, mara mbili, ya tatu udongo ukamomonyoka na tumbo la ntumba likafunguka. "Haya!" nikasema. "Njooni mwone maiti wenu! Nyasi! Hizi ni nyasi! Waambie!"

Nisiseme uongo: sikuwa na akili nyingine. Nilitaka kumwaibisha mtu, basi. Lakini ile harufu ya majani yanayooza ilipotoka, mama akageuza kichwa. Akaja, mkono mbele, akijikwaa. Akapiga magoti kando yangu, akaupitisha mkono ndani ya ntumba mpaka kifundoni, akatulia.

"Bado ina moto," akasema.

Pale ndipo nilipoelewa, na nadhani kila mtu kwenye lile gogo alielewa kabla yangu. Ntumba ya mwaka juzi ni udongo mtupu, mweusi, wa baridi. Mtoto wa Kifipa wa miaka sita anajua hivyo. Hii ilikuwa imejaa mabua marefu, ya kahawia yenye kijani bado kwenye vifundo, na ndani yake joto kama la kuku anayeatamia.

Mama hakusimama. Akauelekeza uso wake upande ilikotoka sauti ya baba mdogo. "Shemeji," akasema, "njoo uweke mkono."

Baba mdogo akacheka kidogo. "Shemeji, mimi si mtu wa—"

"Weka mkono."

Mikono yake ikaingia kwenye mifuko ya koti.

Mwenyekiti akainuka. Alikuja taratibu, akakunja mkono wa shati, akachutama na kuingiza mkono. Akampisha mwenzake. Wakaja mmoja mmoja, wale wazee wote wa pombe, wanakunja mashati, wanaingiza mikono, wanaitoa, wanajifuta kwenye suruali. Katekista alipoingiza wake alibaki nao humo kwa muda kuliko wote. Na mwisho wa msururu akaja yule bibi wa Kijerumani. Alimpa kiongozi mkongojo wake amshikie, akapiga magoti kwa shida, akaingiza mkono kama wengine. Akasema "Oh!" Hilo nililielewa.

"Shamba lina mwenyewe," mwenyekiti akasema. "Tumemaliza."

Baba mdogo alikuwa ameshaanza kuondoka. Alitembea kando ya barabara, mikono bado mifukoni, hakuaga.

Mama akaniuliza wale wageni walikuwa wanalia nini. Nikamwambia. Mwanzo hakuelewa, nikamwambia tena: waliona ntumba zako, wakadhani ni makaburi, huyu bibi akakuwekea ua. Nikamshikisha lile ua. Mama alicheka! Daktari wa Kigoma alimkataza kucheka sana, akasema jicho litatoneshwa, lakini alicheka mpaka akakaa chini udongoni. Alipomaliza, akajipangusa, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu atoke kwenye chumba cha upasuaji: "Mwambie kijana wako awaambie. Hapa hakuna aliyezikwa. Mwenye shamba ni mimi, na niko hapa."

"Umesikia?" nikamwambia kiongozi.

Alisikia. Akavua kofia yake ya majani, akawageukia wageni wake, akasema. Kijerumani kilekile, lakini mara hii kilikuwa kinamkwama. Aliongea muda mrefu kuliko maneno ya mama. Nadhani alianza kwa kukiri kwamba alidanganya, kwa sababu wengine walimtazama kwa mshangao, halafu wakamtazama mama.

"Na lile la mawe," nikasema alipotua.

"Dada…"

"Sasa muda unao. Chakula cha Matai kitangoja."

Akasema na la mawe. Najua alilisema, kwa sababu aligusa bega lake mwenyewe na kulishusha. Hakuna aliyetikisa kichwa kwa raha safari hii. Mzee mmoja alirudi kwenye basi, akakaa peke yake. Wengine walibaki wamesimama, hawajui wafanye nini na mikono yao. Mimi sikuwasaidia. Bibi wa mkongojo alimshika mama mkono wenye udongo kwa mkono wake wenye udongo, wakasemezana tena, Kifipa na Kijerumani, na sikumwuliza mtu tafsiri.

Basi likaondoka. Mimi na mama tukaanza kuifunika upya ile ntumba.

Ni miaka mingi sasa. Mama aliishi akiwa na macho mawili mazima na ulimi mkali zaidi. Mimi kazi ya kupiga chapa haikurudi tena, nikajenga Izia, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, nikafungua kibanda cha kushona, na kila mwezi wa pili nilifunga kibanda nikaenda shambani kufunika ntumba. Miaka ya mwisho mama hakuweza kushika jembe. Alikaa kwenye kigoda katikati ya shamba, ananiambia hiyo ndogo, hiyo imepinda, hiyo imekaa kama umefunika kwa mguu.

Alifariki wiki moja baada ya Pasaka. Tulimzika pembeni mwa shamba, kando ya baba. Sasa kaburi lipo kweli, lina msalaba wa saruji, na anayepita barabarani akitaka kuvua kofia, avue, nitamshukuru.

Siku tuliyoanua matanga, mtoto mkubwa wa baba mdogo alinifuata. Baba yake mwenyewe alikuwa ametangulia miaka mingi. Alisimama karibu nami, akalitazama shamba, akalitazama tena, akasafisha koo.

"Pole sana, dada," akasema. "Sasa mama hayupo, na wewe ni mtu wa mjini. Naona shamba limebaki bila mtu."

Nilichukua jembe, nikafukua ntumba iliyokuwa karibu, nikampisha.

"Weka mkono," nikamwambia.